Utafiti Umeonyesha: Kwa Uzito Gani, na Nani Atalipa Ukikosea?

Kisumu na vijiji vinavyoizunguka ni mahali ambapo maneno “utafiti umeonyesha” hufunga mjadala. Mtangazaji wa redio huyatamka asubuhi, mhudumu wa afya ya jamii huyatamka mlangoni, na wabishi wawili ndani ya matatu ya Bondo huyarushiana mpaka mmoja wao anyamaze. Kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kiko Kisian, kando ya barabara ya kwenda Busia. Asembo na Gem zimefanyiwa utafiti wa malaria kwa miongo kadhaa, na si ajabu kukuta boma ambalo nyanya, mama na mtoto wote wamewahi kudungwa kidole kwa ajili ya uchunguzi wa watu wa sayansi.

Watu waliotoa damu yao hivyo wana haki ya kuambiwa zaidi ya hayo maneno mawili. Utafiti umeonyesha kwa uzito gani? Umeonyesha mbele ya nani, na nani alipewa nafasi ya kuupinga? Na ukija kugundulika kuwa umekosea, gharama itamwangukia nani? Maswali haya si ya madaktari peke yao. Mahakimu huyauliza kila siku, na wanaochunguza asili ya ulimwengu huyauliza pia, ila majibu yao hayafanani. Ninaona kwamba mtu akielewa kwa nini hayafanani, atasikiliza taarifa ya afya kwa sikio jingine kabisa.

Tuanze mahakamani, kwa kuwa huko kanuni zimeandikwa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kifungu cha 107, inasema kwamba anayedai jambo ndiye anayepaswa kulithibitisha. Lakini kiasi cha uthibitisho hubadilika. Majirani wawili wa Nyakach wakigombania mpaka wa shamba, jaji anauliza tu ni maelezo ya nani yanayoelekea zaidi kuwa kweli. Mizani ikiinama hata kidogo upande mmoja, inatosha. Lakini mmoja wao akishtakiwa kwa mauaji, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa bila kuacha shaka yoyote ya maana, na mshtakiwa hana deni la kuthibitisha chochote, kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inamchukulia kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Ukweli wenyewe ni wa aina moja katika kesi zote mbili: jambo lilitokea au halikutokea. Kinachotofautiana ni gharama ya kukosea. Ukikosea mpaka wa shamba, mtu anapoteza hatua chache za ardhi na anaweza kukata rufaa. Ukikosea kesi ya mauaji, mtu asiye na hatia anazeekea gereza la Kodiaga. Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya uchaguzi wa urais mwaka 2013 iliweka kiwango cha tatu, kilicho juu ya kile cha kesi za madai na chini ya kile cha kesi za jinai, kwa sababu kura za taifa zima si jambo dogo na wala si jinai. Kwa hiyo kabla sheria haijauliza “ushahidi uko wapi?”, tayari imejiuliza “ni nini kitatokea tukidanganyika?”

Sasa twende kwenye tohara, suala ambalo Nyanza yote inalijua kwa karibu kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi.

Kuanzia miaka ya 1980 watafiti walikuwa wameona kwamba katika Afrika, jamii ambazo wanaume hawatahiriwi zilikuwa na maambukizi mengi zaidi ya VVU. Wajaluo, ambao kwa desturi hawatahiri, walikuwa miongoni mwao. Wengi walitaka hatua zichukuliwe mara moja. Lakini uangalifu ulihitajika. Watu wa kanda ya ziwa hawatofautiani na Waislamu wa Pwani kwa tohara peke yake. Kuna biashara ya samaki na safari zake, kuna pombe, kuna desturi za ndoa na urithi wa wajane, kuna umri wa kuanza kujamiiana. Huenda mojawapo ya hayo ndilo lililokuwa likifanya kazi, na tohara ikasimama tu karibu nalo ikapewa sifa isiyo yake. Mwaka 2003 wataalamu waliokusanya na kuupima utafiti wote uliokuwapo walihitimisha kwamba hautoshi kuishauri serikali yoyote kutahiri watu, ingawa dalili zilikuwa nyingi.

Njia ya kutoka hapo ilikuwa jaribio lenye bahati nasibu, na moja kati ya matatu yaliyofanyika duniani lilifanyika hapa Kisumu. Wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, wote hawajatahiriwa na wote hawana VVU, walikubali kushiriki. Nasibu iliwagawa: 1,391 kutahiriwa mara moja, 1,393 kungoja. Nguvu yote ya njia hii imo katika ule mgawanyo. Nasibu haijui nani ni mvuvi, nani mlevi, nani ana wapenzi watatu. Inawamwaga wote katika makundi mawili kwa usawa, pamoja na sababu ambazo mtafiti hata hakuziwazia. Tofauti ikijitokeza baadaye, imebaki na maelezo mawili tu: ama ni tohara, ama ni bahati.

Baada ya miaka miwili, wanaume 22 walikuwa wameambukizwa katika kundi la waliotahiriwa, na 47 katika kundi la waliongoja.

Je, 22 kwa 47 inaweza kuwa bahati tu? Chukua sarafu ya shilingi 10, ile yenye simba, uirushe. Simba akitokea mara 4 mfululizo hutashangaa sana, kwani uwezekano wake ni 1 kwa 16. Kigezo ambacho utafiti mwingi wa tiba hukitumia, 1 kwa 20, hakijapita hapo kwa mbali, na watu wengi wangeshtuka kujua hivyo. Matokeo ya Kisumu yalikuwa na nguvu zaidi: kama tohara haikuwa na kazi yoyote, tofauti kubwa kiasi hicho ingetokea yenyewe takriban mara 6 au 7 katika kila majaribio 1,000. Hiyo inapita kidogo simba 7 mfululizo. Inatia moyo, lakini mtu anaweza kurusha sarafu akapata simba 7.

Kilichoondoa wasiwasi ni kwamba jaribio la Kisumu halikusimama peke yake. Orange Farm huko Afrika Kusini walipata maambukizi 20 kwa 49, na Rakai nchini Uganda 22 kwa 45. Nchi tatu, lugha tofauti, madaktari tofauti, mbinu za upasuaji zisizofanana, na jibu likaja karibu lilelile: hatari inapungua kwa nusu au zaidi kidogo. Kosa lililojificha mahali pamoja, tuseme maabara mbovu au makarani wazembe, ni vigumu sana lijitokeze kwa sura ileile katika nchi tatu.

Tarehe 12 Desemba 2006, kamati huru iliyokuwa ikiangalia usalama wa washiriki ilisimamisha majaribio ya Kisumu na Rakai kabla ya muda wake. Wanaume walioambiwa wangoje wakapewa nafasi ya kutahiriwa. Mtakwimu yeyote angependa kuendelea, kwa kuwa miezi zaidi ingempa tarakimu zilizonyooka zaidi. Lakini kila mwezi wa kuendelea ungelipiwa na vijana wa Kondele na Nyalenda waliokuwa katika kundi la kungoja. Shirika la Afya Duniani liliikubali tohara kama kinga mnamo Machi 2007, na mwaka 2008 Kenya ikaanza mpango wa tohara ya hiari, kwa mkazo mkubwa hapa Nyanza. Kwa maoni yangu kamati ile ilifanya sawasawa, na ilifanya kile ambacho jaji hufanya: iliuliza kosa lipi ni baya zaidi.

Wanakosmolojia, yaani wale wanaochunguza asili ya ulimwengu, wangecheka wakiambiwa simba 7 wanatosha. Kabla hawajatumia neno “ugunduzi”, wao na wenzao wa fizikia hudai kiwango wanachokiita sigma 5, yaani uwezekano wa takriban 1 kwa milioni 3.5 kwamba bahati pekee ingeleta matokeo hayo. Ni karibu simba 22 bila kukatika. Na wana uwezo wa kudai hivyo, kwa sababu ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 na hakuna mtu atakayekufa wakingoja muongo mmoja zaidi.

Mfano uko mezani sasa hivi. Mnamo Machi 2025, timu ya DESI, inayotumia darubini ya Kitt Peak huko Arizona, ilitoa ramani ya galaksi na kwasari (viini vya galaksi za mbali vinavyong'aa mno) karibu milioni 15. Ndani yake kuna dalili kwamba ile nguvu isiyofahamika inayousukuma ulimwengu utanuke kwa kasi huenda inadhoofika kadiri muda unavyokwenda. Ikithibitika, vitabu vya kosmolojia vitaandikwa upya. Lakini dalili hiyo ni ya sigma 2.8 hadi 4.2, kutegemea imeunganishwa na vipimo gani vya nyota zilizolipuka, yaani supanova. Katika tiba, sigma 4 ingesimamisha jaribio na kubadilisha sera. Katika kosmolojia jibu ni: leteni data zaidi.

Yapo pia mambo ambayo hata sigma 5 haiyazuii, na hapa ndipo somo la angani linapogusa ardhi yetu. Mnamo Machi 2014 watafiti wa BICEP2, wenye darubini katika Ncha ya Kusini, walitangaza kwamba wameona alama ya mawimbi ya mvutano yaliyozaliwa katika sehemu ndogo kabisa ya sekunde ya kwanza ya ulimwengu. Ishara yao ilipita sigma 5. Dunia ilishangilia. Kufikia Januari 2015, baada ya kuunganisha data zao na za setilaiti ya Ulaya iitwayo Planck, ilibainika kwamba vumbi lililomo ndani ya galaksi yetu wenyewe lilitosha kueleza sehemu kubwa ya walichokiona. Ishara ilikuwa ya kweli, wala haikuwa bahati. Ila haikutoka walikodhani.

Sigma, simba na asilimia zote zinapima jambo moja tu, nalo ni bahati. Hazijui lolote kuhusu vumbi. Hadi leo vipimo viwili vya kasi ya kutanuka kwa ulimwengu vinagongana: Planck inatoa 67.4, na kundi linalopima kwa nyota na supanova linatoa takriban 73, katika kipimo cha kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki, kipimo cha umbali wa anga za mbali. Tofauti hiyo imefika sigma 5, na bado wataalamu wanabishana kama ni fizikia mpya au ni kosa la kipimo ambalo hakuna aliyeliona. Ulimwengu ni mmoja. Huwezi kuchukua mwingine ukautumia kama kundi la kungoja. Kwa hiyo wanachoweza ni kuupima kwa njia nyingi zisizotegemeana, wakitumaini kwamba vumbi la njia moja halitakuwapo kwenye nyingine. (Kazi hii si ya kigeni kwetu: setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa miale ya eksirei ilirushwa baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, na ikapewa jina Uhuru.)

Tukirudi nyumbani, utafiti wa magharibi mwa Kenya uliobishaniwa kuliko wote ulihusu minyoo. Mwaka 1998, katika shule 75 za msingi za Funyula na Budalang'i, Kaunti ya Busia ya leo, wanafunzi zaidi ya 30,000 waliingizwa katika mpango wa kupewa dawa za minyoo. Shule zilipangwa kwa orodha ya alfabeti, kisha zikagawiwa katika makundi matatu kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Kundi la kwanza lilianza 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Wachumi wawili wa Marekani, Edward Miguel na Michael Kremer, walichapisha matokeo mwaka 2004: utoro ulipungua kwa angalau robo katika shule zilizopata dawa. Zaidi ya hayo, walisema, hata watoto wa shule jirani ambao hawakumeza kidonge chochote walinufaika, kwa kuwa mayai ya minyoo yalikuwa yamepungua kwenye udongo na maji ya eneo zima.

Wazo hilo la manufaa kuvuka mpaka halikuwa la ajabu. Katika jaribio la neti zenye dawa lililofanyika Asembo na Gem mwishoni mwa miaka ya 1990, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 16, na ikaonekana kwamba hata waliokaa bila neti, mradi walikuwa ndani ya takriban mita 300 kutoka kijiji chenye neti, walikingwa karibu kama wenye neti. Mbu walikuwa wakifa kabla hawajawafikia.

Lakini madai ya Busia yalitumika kushawishi serikali na wafadhili duniani kote, kwa hiyo yalistahili kukaguliwa. Mwaka 2015 wataalamu wa epidemiolojia, elimu ya kuenea kwa magonjwa, wa chuo cha tiba za kitropiki cha London walichapisha matokeo ya kurudia hesabu zote kwa kutumia data zilezile. Walikuta makosa kwenye programu ya kompyuta iliyokokotoa umbali kati ya shule. Yaliposahihishwa, faida ndani ya shule zilizopata dawa ilibaki, lakini ile ya shule za mbali zaidi, kilomita 3 hadi 6, haikuonekana tena kwa uhakika. Wakauliza mengine: hapakuwa na kidonge bandia, kwa hiyo kila mwalimu alijua shule yake iko kundi gani. Watoto walipewa pia mafunzo ya usafi na kuvaa viatu. Ni dawa au ni viatu? Na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikuwa zimeijaza Budalang'i maji. Je, minyoo ya mwaka ule inawakilisha mwaka wa kawaida? Waandishi wa awali walikubali kwamba makosa ya hesabu yalikuwepo, wakashikilia kwamba hitimisho kuu linasimama. Mabishano yalikuwa makali.

Wapo waliolichukulia jambo hilo kama aibu kwa utafiti wa Busia. Mimi naliona kwa upande wa pili. Makosa yalipatikana kwa sababu waandishi walitoa data zao na programu zao, wakawakabidhi watu ambao walijua wataziangalia kwa jicho kali. Kuna utafiti mwingi ambao hautakutwa na kosa kamwe, kwa kuwa hakuna aliyefunguliwa kabati. Kuhusu sera yenyewe, dawa za minyoo ni salama na zinagharimu chini ya dola moja kwa mtoto kwa mwaka. Nikizipima kwa kosa lipi ni baya zaidi, ninaona Kenya haikukosea kuanzisha mpango wa kitaifa shuleni hata kabla mabishano hayajaisha. Ufuatiliaji wa miaka 20 uliochapishwa 2021 ulikuta kwamba waliopata miaka miwili hadi mitatu zaidi ya dawa walikuwa na kipato kwa saa kilicho juu kwa asilimia 13, na hilo nalo linaendelea kujadiliwa.

Uwazi huu sheria inaujua vizuri. Mwaka 2017, katika kesi ya kupinga matokeo ya urais, Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe. Tume haikutekeleza agizo hilo kikamilifu, na mahakama ikasema kwamba mwenye ushahidi akikataa kuutoa, inaruhusiwa kuamini kwamba ushahidi huo ungemwumiza. Tarehe 1 Septemba uchaguzi ukabatilishwa kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Mtu anaweza kuunga mkono uamuzi ule au kuupinga, lakini kanuni iliyomo ni ya maana sana kwa yeyote anayesoma habari za utafiti.

Yupo mwanamke aliyelipa kwa sababu kanuni hiyo ilivunjwa. Sally Clark, wakili wa Uingereza, alipoteza watoto wake wachanga wawili, mmoja 1996 na mwingine 1998. Alishtakiwa kwa kuwaua. Daktari bingwa wa watoto, Roy Meadow, aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla vya asili katika familia kama ile ni 1 kwa milioni 73. Alipata namba hiyo kwa kuchukua 1 kwa 8,543 na kuizidisha kwa yenyewe. Mwaka 1999 Clark alihukumiwa kifungo cha maisha.

Kosa la kwanza liko kwenye kuzidisha. Unaweza kuzidisha hivyo kwa sarafu, kwa kuwa mrusho wa pili haujui wa kwanza ulileta nini. Watoto wa tumbo moja wanashiriki damu, nyumba na hewa. Kilichomuua wa kwanza kinaweza kuwa kinamngoja wa pili. Kosa la pili ni baya zaidi na linajirudia kila mahali. Namba ile, hata ingekuwa sahihi, ilijibu swali la “mama asipokuwa na hatia, vifo hivi ni vya nadra kiasi gani?” Baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, lilisikia jibu la swali jingine: “vifo hivi vikishatokea, kuna uwezekano gani kwamba mama hana hatia?” Ili ujibu hilo la pili lazima ujue pia ni mama wangapi huwaua watoto wao wawili mfululizo, na hao nao ni nadra mno. Jumuiya ya Kifalme ya Takwimu ilitoa tamko la wazi kuhusu kosa hilo mwaka 2001.

Hata hivyo, lililomfungulia mlango Clark mnamo Januari 2003 lilikuwa jingine. Majibu ya maabara yaliyoonyesha maambukizi ya bakteria katika mwili wa mtoto wa pili yalikuwepo tangu mwanzo, na mtaalamu wa upande wa mashtaka hakuyatoa kwa utetezi. Clark alifariki 2007. Nchini Kenya ripoti za DNA kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali husomwa katika kesi za matunzo ya watoto na za ubakaji, na ningependa kila wakili wa Kisumu, Kakamega na Siaya aijue kesi hii kwa moyo.

Kosa hilo la kugeuza swali ndilo linalofanyika pia mtu anaposoma matokeo ya tohara na kusema “kuna uwezekano wa 7 kwa 1,000 tu kwamba tohara haifanyi kazi”. Jaribio halikusema hivyo. Lilisema: kama haifanyi kazi, matokeo haya yangekuwa nadra kiasi hicho.

Yote haya yanakutana kwenye chanjo ya malaria ya RTS,S. Kati ya 2009 na 2014 ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Kombewa na Siaya vikiwemo. Kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, ilipunguza malaria kwa asilimia 36 katika miaka minne. Lakini ndani ya matokeo kulikuwa na jambo la kutisha: katika umri huo, homa ya uti wa mgongo iliwapata watoto 21 katika makundi mawili yaliyochanjwa, na mtoto 1 tu katika kundi ambalo halikupata chanjo hiyo.

Piga hesabu. Waliochanjwa walikuwa mara mbili ya wenzao, kwa hiyo bahati ikigawa sawa, ungetegemea takriban 15 kwa 7. Uwezekano wa kupata 1 au pungufu upande ule ni karibu 1 kwa 600. Hao ni simba 9 mfululizo, zaidi ya wale wa tohara. Kwa nini basi tohara ikapitishwa na homa hii haikuimaliza chanjo?

Kwa sababu swali la tohara liliulizwa kabla jaribio halijaanza, nalo lilikuwa swali lile tu. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa moja kati ya magonjwa mengi yaliyoandikwa kila mtoto alipofika hospitalini. Ukichunguza mambo mia moja, kitu chenye uwezekano wa 1 kwa 100 kinatarajiwa kujitokeza mahali fulani. Wanakosmolojia wanaijua hatari hii vizuri, kwani anga ni pana na anayetafuta maumbo ya ajabu hatakosa kuyaona. Ndiyo sababu mojawapo ya wao kudai sigma 5. Tena homa hiyo haikufuata muda wa sindano, na haikuongezeka kwa watoto wachanga zaidi waliopata chanjo ileile. Ilinukia bahati. Lakini hakuna aliyekuwa na haki ya kuapa kwamba ni bahati.

Shirika la Afya Duniani halikuikataa chanjo wala halikuipitisha moja kwa moja. Liliamua itolewe kwa majaribio Malawi, Ghana na Kenya kuanzia 2019, na hapa kwetu ikaanzia Homa Bay mwezi Septemba. Kaunti nane zilihusishwa: Homa Bay, Kisumu, Migori, Siaya, Busia, Bungoma, Vihiga na Kakamega. Baadhi ya maeneo yalianza mapema na mengine yalingojeshwa kwa nasibu, ili yalinganishwe. Kufikia Oktoba 2021 watoto zaidi ya 800,000 katika nchi hizo tatu walikuwa wamechanjwa, ile homa haikuonekana kuongezeka, na chanjo ikapendekezwa rasmi. Baadaye ilionekana kwamba vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13 mahali ilipotolewa. Kwa kanda yenye malaria kama hii yetu, hayo ni maisha mengi sana.

Na bado kuna swali lililoulizwa mwaka 2020 katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, ambalo sidhani limejibiwa vya kutosha. Wazazi hawakuombwa ridhaa ya maandishi kama washiriki wa utafiti. Waliletwa kliniki kama kwa chanjo nyingine, na kuja kwao kukahesabiwa kuwa ni kukubali. Shirika lilijitetea kwamba chanjo ilikuwa imeidhinishwa na mamlaka za nchi husika na ilitolewa na mipango ya kawaida ya chanjo. Utetezi huo una uzito. Lakini Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mgonjwa aelezwe hatari na faida kabla ya kukubali, na hatari zilizokuwa zikichunguzwa zilijulikana tangu 2015.

Ninaamini wazazi wengi wangesema ndiyo. Mama wa Ndhiwa au Alego anaijua malaria. Hahitaji takwimu kuambiwa inafanya nini kwa mtoto usiku. Alichohitaji kuambiwa ni 21 kwa 1, kwamba huenda ni bahati, kwamba nchi tatu zinatazama kuona kama ni bahati, na kwamba mtoto wake atakuwa mmoja wa wanaotazamwa. Sentensi hizo nne zinasemeka kwa Kijaluo, Kiluhya au Kiswahili chini ya dakika mbili, na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anaweza kuzisema kabla ya kufungua kichupa cha dawa.